Gemu ya Pili na Posa ya Dada

Gemu ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Naanza na sentensi hiyo kwa makusudi, kabla sijapata nafasi ya kuizungukazunguka, maana mara ya mwisho nilipotakiwa kuisema nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama barazani kwetu Nyahanga na sinia la kahawa mikononi, na nilisema kinyume chake. Wanaume watatu walikuwa wakinisikiliza. Mmoja wao alikuwa Baba, naye hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili.

Ya kwanza aliileta baba mdogo, aliyekuwa dereva wa lori la kupeleka mizigo Burundi. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, Kahama nzima ikipanga foleni ya sabuni, naye akatua kwetu na kidude cha kuenea kiganjani, chenye kioo kidogo na vitufe viwili vyekundu. "Hii inaitwa gemu," akasema, na akanipa mimi. Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, yeye akaletewa kitenge. Alikipenda, nadhani. Mimi sikukitazama.

Ndani ya kile kioo aliishi mtu mweusi tititi mwenye kofia pana na kikapu. Nyuma yake lilichorwa jengo la ghorofa la Kizungu, na kutoka kwenye madirisha yake matano vilidondoka vyungu vya maua, kimoja kimoja kwanza, halafu viwili viwili, halafu mvua. Kazi yako ilikuwa kumpeleka yule mtu kushoto au kulia akavikinge. Ukiangusha vitatu, mchezo umekwisha. Kwa nini wenye jengo walitupa vyungu vyao vya maua hakuna aliyejua. Mama alisema lazima ni ugomvi wa mke na mume.

Nisiionee ile ya kwanza, ilikuwa na sifa zake. Ilikaa mfukoni. Niliicheza darasani chini ya dawati, na Mungu anisamehe, niliicheza hata kwenye chuo cha Kurani, juzuu mbele yangu na gemu chini ya ushungi. Ilikuwa nyepesi na vitufe vyake vilikuwa laini. Rekodi yangu ilikuwa mia nne na kumi na mbili, na mtaa mzima uliijua kwa sababu niliutangazia. Lakini lilikuwa jambo la uchoyo, ile gemu. Kioo chake ukikiinamisha kidogo tu picha zinapotea, kwa hiyo aliyekaa kando yako haoni kitu, watoto wa majirani walikuja kusikiliza pi-pi-pi na kuniuliza, "Sasa amefanya nini? Sasa je?" Niliwajibu nilipotaka. Halafu ikifika mia nne na kitu vyungu vilishuka kwa kasi ambayo dole gumba la mtoto haliiwezi, na hapo ndipo kila siku nilipokwama.

Baada ya miezi kama mitano picha zikaanza kufifia. Ilitumia betri ndogo za duara, zile za saa. Fundi saa wa sokoni alizitazama akanirudishia. "Hizi hata Dar es Salaam hazipo," akasema, na kwa siku zile huenda alisema kweli. Nililia. Dada ndiye aliyeniambia niipeleke kwa fundi redio.

Huyo fundi redio alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, Msukuma wa Didia, aliyekuja mjini na kufungua kibanda cha mabati karibu na soko. Alikuwa mtaratibu, mwenye alama za kuungua kwenye vidole, kwa sababu chuma chake cha kulehemu alikipasha moto kwenye jiko la mkaa. Dada alimfahamu vizuri. Mwaka ule redio ya Baba iliharibika mara nyingi sana, na kila ilipoharibika aliyejitolea kuipeleka alikuwa dada. Baba hakuliona hilo. Mimi nililiona na nikanyamaza, kwa kuwa kila alipokwenda kwa fundi alirudi na karanga zangu.

Nikampelekea asubuhi moja. "Mwangaluka," nikamsalimu, maana Mama yetu alikuwa Msukuma na alitufundisha. Akaitikia kwa furaha, akaichukua gemu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kifaranga, akaifungua hapo hapo. Akaniambia nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa wiki tatu. Baba akawa anasema, "Nilikuambia. Fundi ukimpa kitu kizima anakurudishia vipande na hadithi." Kumbe mwenzetu alikuwa akitengeneza ya pili.

Aliileta mwenyewe mpaka mlango wa uani. Lilikuwa sanduku la mninga ukubwa wa boksi la chaki, limepigwa msasa mpaka linateleza. Gemu yangu ilikuwa imetolewa kwenye gamba lake na kulazwa ndani, kioo kikitazama juu kwa mshazari. Badala ya betri za saa alikuwa ameweka betri mbili kubwa za redio, ambazo kwetu tulizoea kuziita mawe. Kutoka kwenye sanduku zilitoka nyaya mbili ndefu, na mwisho wa kila waya kulikuwa na kishikio cha mbao chenye kitufe cha kengele ya mlangoni. Kimoja kilimpeleka yule mtu kushoto tu. Kingine kulia tu.

"Shemeji," akaniambia. Ndiyo mara yake ya kwanza kuniita hivyo, na ilinichoma. "Ile ya kwanza ilikuwa ya mtu mmoja. Hii ni ya pili. Hii inataka watu wawili."

"Nani alikuambia nataka watu wawili?"

Akacheka, akasema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, kana kwamba mimi ndiye niliyempa zawadi, akaenda zake.

Nimekuwa na miaka mingi ya kuipima ile gemu, na sasa naipima kama ilivyostahili kupimwa siku ile. Kasoro zake zilikuwepo. Ilikuwa nzito, mfukoni haiingii na chini ya dawati haikai. Vitufe vya kengele vilikuwa vigumu, ukicheza sana dole gumba linauma hadi kiwiko. Rekodi yangu ya mia nne na kumi na mbili ilipotea betri zilipong'olewa, na mtu aliyeandikiwa sifa kisha zikafutwa anajua uchungu wake. Tena alikuwa amebandua ile picha ya jengo la Kizungu, akachora yake kwenye karatasi ya nailoni: ghala la pamba, ua wa minyaa, na lori lililobeba marobota. Alichora vizuri mno. Ila vyungu vilibaki vyungu. Vilikuwa ndani ya kioo chenyewe, hakuna fundi angeviondoa, kwa hiyo kwenye ghala lake la pamba vilidondoka vyungu vya maua, na yule mtu wa kofia akavikinga bila kushangaa.

Sasa uzuri wake. Mawe ya redio yalipatikana angalau, dukani kwa Baba yalikuwepo hata sukari ilipokosekana, na yalidumu. Mbele ya kioo alikuwa ametia lenzi ya miwani ya mtu fulani na balbu ndogo ya tochi kwa pembeni, hivyo watu wanne walikaa mbele ya sanduku na wote wakaona. Wale watoto wa majirani waliokuwa wakiuliza "Sasa je?" wakaacha kuuliza. Lakini uzuri mkubwa ulikuwa katika zile nyaya mbili, na huo niliukataa kwa ulimi wakati vidole vyangu tayari vimeukubali. Kila mtu akiwa na upande wake mmoja, akili haigawanyiki. Wewe ni kushoto tu. Kulia si shauri lako. Unatakiwa umwamini mwenzako, kisha mia nne inapita hujatambua imepita.

Niliicheza kwanza na dada, uani, baada ya chakula cha mchana. Mwanzoni tuligombana. "Wewe! Upande wako huo!" "Wako wewe!" Vyungu vitatu vikaanguka kabla ya hamsini. Tukaanza tena, na tena, halafu kikaja kimya ambacho sijawahi kukisahau, sisi wawili hatusemi, hatutazamani, yule mtu wa kofia anakwenda huku na huku kana kwamba ana akili zake mwenyewe. Tulifika mia sita themanini na nane. Dada alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Mimi pia nilicheka, na ninakiri kwamba sijawahi kucheza kitu kizuri kuliko kile, kabla wala baadaye.

Kisha akasema, bado anapangusa machozi ya kicheko, "Unaona alivyofikiri? Alisema hii itatufanya mimi na wewe tuzidi kupendana." Akairudisha khanga begani. "Wiki ijayo mjomba wake anakuja kwa Baba."

Nililala kitanda kimoja na dada tangu nilipoachishwa ziwa. Yeye ndiye aliyenisuka, yeye ndiye aliyenieleza mambo ya mwili wangu yalipoanza, kwa sababu Mama alikuwa dukani siku nzima na kwa mambo hayo alikuwa na haya. Nilipomsikia akisema "mjomba wake", nilichokiona kilikuwa kitanda chenye mtu mmoja. Niliona wivu. Nikalitazama lile sanduku la mninga na nikaona ni hongo: mtu amenipa gemu ya watu wawili ili amchukue mtu wa pili.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, la sivyo hutaelewa kilichotokea barazani. Baba alikuwa Mwislamu wa mjini. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, na kwao posa ni jambo la barua na maneno ya kupimwa. Kwa upande wa Mama, mashemeji hutaniana. Niliona kwa macho yangu, mama mdogo wetu alipoolewa kijijini, wadogo zake walimzunguka bwana harusi wakamwambia ng'ombe aliowaleta ni mbuzi. Naye angefanya nini? Kubishana na shemeji ni aibu. Akajibu, "Kweli ni mbuzi, tena wawili wana upele." Watu wakaangua kicheko, naye akaonekana mtu mwenye adabu. Ndivyo ilivyo: shemeji akikutukana unakubali na unaongeza. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Kwa pande zote mbili za nyumba yetu, aliyejua zaidi nilikuwa mimi.

Walikuja Jumamosi baada ya Alasiri, fundi na mjomba wake, mzee mrefu mwenye kofia ya kiua na koti zito licha ya joto. Tayari hapo palikuwa na kasoro, maana kwa Baba, kijana hafuatani na mshenga wake. Anakaa kwao anasubiri. Kwa watu wa Didia kijana huenda ili aonekane. Baba aliwapokea vizuri lakini nilimwona akimtazama fundi mara mbili.

Wakazungumza habari za mvua na za pamba. Mjomba akatoa ujumbe wake kwa heshima, Kiswahili chake kikiwa na Kisukuma ndani. Akasema kijana wao hana baba, amelelewa na yeye, anaswali, halewi, ana kazi ya mikono. Baba akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema neno ambalo alikuwa akilisema dukani kila siku.

"Mzee mwenzangu, mimi ni mfanyabiashara. Nikitaka kumjua fundi simuulizi fundi, wala simuulizi mjomba wake. Namuuliza aliyempa kazi." Akageuka. Nilikuwa ndiyo nimetoka na sinia. "Na aliyempa kazi ni huyu hapa. Mwanangu, ulimpa kijana huyu kidude chako kizima. Amekufanyia nini?"

Fundi akanitazama akitabasamu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa amelipiga msasa lile sanduku kwa wiki tatu.

"Ameiharibu," nikasema.

Baba akaniambia nieleze. Nikaeleza. Ilikuwa inaingia mfukoni, sasa ni gogo. Vitufe vinaumiza mkono. Rekodi yangu imepotea. Amechora ghala la pamba na linadondosha vyungu vya maua. Nilikuwa naweza kucheza peke yangu, sasa siwezi. Angalia vizuri: hakuna uongo hapo isipokuwa lile neno la kwanza. Hicho ndicho kilichonitesa baadaye, kwamba nilimwangamiza mtu kwa orodha ya mambo ya kweli. Kuhusu lenzi sikusema. Kuhusu balbu na wale watoto sikusema, wala kuhusu mia sita themanini na nane.

Mjomba wa fundi akajipiga paja kwa furaha. "Eee! Shemeji kaanza! Huyu ni shemeji kweli kweli!" Na fundi, kijana wa watu, akafanya kile alichofundishwa tangu utoto. Akainamisha kichwa mbele yangu, kicheko kimembana.

"Kweli shemeji, nimeiharibu," akasema. "Siyo hiyo tu. Hata redio za watu naharibu. Mjini hapa hakuna kitu nilichokishika kikapona."

"Mtozeni kuku!" mjomba akasema. "Shemeji alipwe kuku!"

Walicheka wao wawili. Baba hakucheka. Aliweka kikombe chake chini taratibu, na nikaona usoni kwake kwamba amesikia mtu akikiri. Aliwashukuru, akasema atawapa jibu, akawasindikiza mpaka barabarani kama ustaarabu unavyotaka. Fundi akanipungia mkono. Nadhani alikuwa anafikiri mambo yamekwenda vizuri sana.

Kama ingeishia pale ningeweza kujitetea. Ningesema nilikuwa mtoto, nilisema neno la hasira, wakubwa wakalitumia vibaya. Lakini haikuishia pale. Mama alirudi kutoka dukani, Baba akamsimulia mle sebuleni kabla ya Magharibi, na Mama akacheka kwa mshangao.

"Baba watoto, huo si utani? Mtoto kamtania shemeji yake, naye kajibu. Kwetu ndivyo. Angebishana ndiyo ungesema hana adabu."

Baba akafikiri. Nataka nimtendee haki: alifikiri kweli. Alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa dhalimu, na maneno ya Mama aliyapa uzito. Akaniita tena. Nikasimama mbele yake, na safari hii hakukuwa na mgeni wala kicheko.

"Mama yako anasema ulikuwa unatania. Nataka nijue. Ulikuwa unatania?"

Najua kwamba nilielewa kila kitu. Nilielewa kuwa neno "ndiyo" lingemwoza dada, na "hapana" lingembakisha kitandani. Na nilikuwa na bahati mbaya kwamba jibu lililonifaa lilikuwa la kweli.

"Hapana, Baba," nikasema. "Sikuwa natania."

Mama akanitazama. Baba akatikisa kichwa, na siku ya tatu ujumbe ukapelekwa kwa mjomba kwamba binti bado hajawa tayari. Maneno ya adabu, yasiyo na mlango. Fundi aliendelea na kibanda chake kama miezi miwili. Nilipita njia nyingine kwenda shule, ndefu, yenye tope, kwa ajili ya kutokumwona. Siku moja watu wakasema amefunga kibanda, amekwenda upande wa Geita. Lile sanduku hakulidai kamwe.

Dada hakulia mbele yangu. Alipika, alifua, alinisuka. Baada ya mwaka na kitu akaja mtu mwingine, broka wa dhahabu, aliyetuma mshenga na barua na kukaa kwao akisubiri, kila kitu kama Baba alivyotaka. Akaolewa, akahamia Bugarama, kwenye machimbo. Usiku wa kwanza bila yeye kitanda kilikuwa kikubwa mno, na nikagundua kwamba nilichokiogopa kimekuja vilevile, ila kimekuja na mtu ambaye dada hakumpenda. Kama kuna faida niliyoipata kwa neno langu, ilikuwa mwaka mmoja na miezi. Na ile gemu ya pili haikunifaa tena. Wale watoto wa jirani walijaribu kushika upande wa kulia, lakini walikuwa wakinitazama mimi badala ya kutazama kioo.

Nilikwenda Bugarama nikiwa na miaka kumi na saba, shule imefunga, nimepanda lori la watu waliokuwa wakielekea machimboni. Siku zile wachimbaji walikuwa wakitambaa ardhini kila mahali, maduara, yaani mashimo yao, yamechimbwa hadi nyuma ya vyoo vya watu. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Sitaki kumtia ubaya ili mimi nionekane na dhambi kubwa zaidi. Alikuwa mtu wa safari. Alikuwa ameoa mke wa pili Geita na wakati mwingine alipita mwezi bila kuonekana. Dada alikuwa na watoto wawili na alikuwa akiwapikia wachimbaji wali na maharage kwenye banda mbele ya nyumba. Alikuwa amekonda. Aliponiona alipiga vigelegele, peke yake, katikati ya vumbi.

Nilikaa naye siku nne bila kusema. Siku ya tano tulikuwa tunachambua mchele, wateja bado, watoto wanacheza kwenye kifusi. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba gemu ilikuwa nzuri na nilijua ni nzuri, kwamba yule kijana alikuwa akijibu utani na nilijua ni utani, na kwamba Baba aliponiuliza mara ya pili nilijua nafanya nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, na nadhani nililitaka.

Dada hakuacha kuchambua.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma ya pazia. Mara zote mbili."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Niseme nini? Nitokeze sebuleni nimwambie Baba namtaka yule mwanamume?" Akapuliza pumba. "La barazani nilishakusamehe zamani. Ulikuwa mtoto, uliogopa. Hata lile la kuulizwa mara ya pili nilisema, basi, ni hofu hiyohiyo. La kesho yake ndilo ambalo nimejaribu, mdogo wangu, na bado halijatoka."

"La kesho yake lipi?"

Akanitazama kuona kama namchezea. Sikuwa namchezea. Sikukumbuka kitu.

"Ulikuja jikoni," akasema. "Umebeba lile sanduku. Ukaniambia, dada, njoo tucheze."

Akainuka kwenda kuchochea moto, kwa sababu wachimbaji wa kwanza walikuwa wameshaanza kuja. Nilibaki na ungo mapajani, na ndipo ikanirudia, yote: mlango wa jiko, uzito wa lile sanduku tumboni kwangu, na jinsi nilivyokuwa na furaha. Siku ile dada alikuwa anasonga ugali. Aliuepua, akanawa mikono, akaketi chini karibu nami, akachukua kishikio cha kulia, akacheza.